Nati Iliyodondoka: Uchunguzi wa Vipuri Vinavyopotea Chini ya Pikipiki za Arua na Koboko

Kipuri kidogo, kwa maana itakayofuatwa katika insha hii, ni kipande chochote cha pikipiki kinachoweza kufunikwa kwa jani moja la mwembe, ambacho kikiwa mahali pake hakuna anayekumbuka kuwa kipo, na kikitoka mahali pake pikipiki nzima huwa kiti cha wasio na kazi. Kundi hili linajumuisha nati, ambayo ni kipande chenye pembe sita kinachokaza bolti. Washa, yaani kibamba cha duara chenye tundu katikati kinachotangulia nati ili isilegee wala isile chuma kilicho chini yake. Gololi, tufe ndogo za chuma zinazorahisisha mzunguko wa usukani. Springi za ukubwa mbalimbali. Na klipu, vijiwaya na vijibati vinavyozuia pini zisichomoke. Vitu hivi ndivyo vyenye bei ndogo kuliko vyote kwenye pikipiki, na ndivyo vinavyowapigisha magoti mafundi wa Arua na Koboko kwa unyenyekevu ambao mashehe na mapadri wa miji hiyo miwili wangeuonea wivu.

Sababu ya kuichagua miji hii haiko mbali. Arua, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na Koboko, iliyoko kaskazini yake jirani na mahali mipaka ya Uganda, Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapokutana, ni miji inayoishi juu ya magurudumu mawili: mgonjwa hufika hospitali kwa pikipiki, mihogo hufika sokoni kwa pikipiki, mbuzi husafirishwa kwa pikipiki huku akitazama nyuma kwa majuto, na hata pikipiki iliyoharibika hubebwa juu ya pikipiki nyingine iliyo nzima. Panapokuwa na pikipiki nyingi kiasi hicho hapana budi pawe na gereji nyingi, na neno gereji hapa lisimpeleke msomaji kwenye jengo lenye sakafu ya saruji na rafu zenye namba, kwa kuwa gereji ya kawaida ya West Nile, eneo la Uganda ilipo miji hii miwili, ni kivuli cha mwembe, benchi moja, tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara liwe tangazo, na kopo la spana. Ardhi iliyo chini ya mwembe huo ndiyo meza ya kazi, ndiyo rafu, na ndiyo mshtakiwa wa kwanza katika kesi zote za upotevu, ingawa uchunguzi makini huonyesha kwamba mara nyingi hushtakiwa bila kosa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kipuri hakipotei kinapodondoka, hupotea kinapotafutwa.

Fizikia ya jambo hili ni fupi kuliko masikitiko yake. Ikichukuliwa kwamba nati imemponyoka fundi karibu na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda, na kwamba kimo cha hapo ni sentimita 60 kutoka ardhini, nati hiyo itafika chini baada ya sekunde 0.35, ikiwa na mwendo wa mita 3.4 kwa sekunde. Jicho la binadamu na mkono wake huhitaji takribani sekunde 0.2 ili kupatana kwamba kuna jambo la kufanya, hivyo mkono hubakiwa na sehemu 15 za mia za sekunde, muda ambao unautosha kuifikia nati lakini hauutoshi kuidaka. Matokeo yake ni kwamba mkono huipiga, na nati iliyokuwa ikishuka wima kwa adabu, ambayo ingetulia chini ya injini mahali pa kuonekana, hugeuzwa mkondo na kuelekea kwenye mtaro, chini ya benchi, au kwenye kikapu cha muuza nyanya. Ndiyo maana fundi aliyekomaa hatambulikani kwa wepesi wa mikono bali kwa uzito wake: kitu kikimdondoka, yeye huganda, huinua uso kidogo, na kusikiliza.

Kusikiliza huko ni elimu inayojitegemea. Mlio mkali wa chuma huarifu kwamba kipuri kimegonga kibao cha mguu au standi na kuruka. Mlio mfu huarifu kwamba kimefika ardhini na kulala. Na ukimya, ambao mteja huudhania kuwa habari njema, ndio unaopaswa kumtia hofu, kwa sababu maana yake ni kwamba kipuri hakijafika chini kabisa na kimejificha ndani ya pikipiki yenyewe. Umbo nalo hutoa ushahidi. Nati, kwa pembe zake sita, hudunda mara moja au mbili kisha hutulia, nayo ndiyo mtiifu wa ukoo huu. Gololi huteremkia palipo bondeni bila kuficha nia, hivyo mwenye kujua mwinamo wa gereji yake huipata, isipokuwa kwamba gololi hazidondoki moja moja: katika pikipiki nyingi ndogo gololi za usukani hukaa huru ndani ya kikombe cha chuma zikishikiliwa na grisi tu, na uma wa mbele ukishushwa pasipo tahadhari hutoka zote kwa pamoja, kila moja ikiwa na safari yake. Washa ni mnafiki, kwa maana huanguka kwa ubavu, husimama kwa ukingo, hubingirika kwa kupinda, na humaliza safari yake nyuma ya mtu anayeitafuta mbele. Springi haidondoki hata kidogo; yenyewe huruka, na aliyeiachia huwa ndiye wa mwisho kujua ilikoelekea, kwa kuwa alikuwa amefumba macho.

Baada ya hapo ndipo ardhi huingia kwenye kesi. Udongo mwekundu wa sehemu hizi una rangi hiyo kwa sababu ya oksidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, na kutu si kitu kingine ila ni oksidi za chuma pia. Kwa hiyo nati iliyopata kutu inapodondoka kwenye udongo wa Koboko haipotei ugenini, imerudi kwa jamaa zake, nao huipokea na kuificha kwa rangi ya ukoo. Chini ya mwembe wa gereji hali huwa tofauti kidogo, kwani miaka ya kumwaga mafuta machafu ya injini imefanya udongo wa hapo kuwa tabaka jeusi linalonata, ambalo hushika kila kitu na kukigawia rangi yake bila ubaguzi. Katika miezi ya mvua, ambayo huko huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Novemba, tabaka hilo hulainika, na nati inayodondoka asubuhi huwa imekanyagwa chini kiasi cha kidole kimoja kabla ya adhuhuri. Fundi anayechimba kutafuta nati ya leo hukutana kwanza na ya mwaka jana, na wapo wanaoamini, kwa ushahidi unaoridhisha, kwamba ardhi ya gereji kongwe ina akiba ya vipuri inayozidi ya duka lililo ng'ambo ya barabara.

Haifai kumwacha kuku nje ya uchunguzi huu. Ndege huyu hana meno, na ili kusaga chakula humeza changarawe zinazofanya kazi ndani ya firigisi, ambayo ni tumbo la misuli. Anapochagua changarawe hizo huvutiwa na kitu kidogo, kigumu na chenye kung'aa, sifa ambazo gololi mpya inazo zote tatu kwa ukamilifu. Kuku wa gereji hutembea bila kuulizwa kati ya miguu ya watu, na mara ghasia za utafutaji zinapoanza yeye huwa ameshaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Kisheria ni vigumu kumhukumu, kwa kuwa mwenye gololi hana uhakika na mwenye kuku hakubali uchunguzi wa ndani ufanyike kabla ya Krismasi au Idi.

Kifaa kinachotegemewa zaidi katika utafutaji ni sumaku, na sumaku ya gereji za Arua kwa kawaida haikununuliwa kwa kazi hiyo, bali imeng'olewa kwenye spika ya redio iliyokufa, ikafungwa kamba, ikawa chombo cha kuburuza chini. Uwezo wake ni wa kweli, lakini matumaini yanayowekwa juu yake huzidi uwezo huo kwa njia mbili. Kwanza, katika udongo wa aina hii zimo chembechembe zenye chuma ambazo nazo huvutwa, hivyo sumaku inayoburuzwa hatua chache tu huibuka na ndevu nyeusi zinazohitaji kunyolewa kila mara ili ionekane kama zimenasa kitu cha maana. Pili, sumaku haina habari na shaba wala aluminiamu, na baadhi ya aina za chuma kisichoshika kutu pia haizitambui. Jeti ya kabureta, kijiti chenye tundu jembamba mno kinachopimia petroli, hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, na ni miongoni mwa vipuri vidogo kabisa vilivyotajwa. Kwa hiyo kitu kinachodondoka kwa urahisi ndicho hicho ambacho sumaku hupita juu yake mara kumi bila kusalimiana nacho. Fundi anayejua hili huitandaza fulana yake kuukuu chini ya kabureta kabla hajagusa skrubu yoyote, na asiyejua huitandaza baadaye, ili apige magoti juu yake.

Tatizo la ukimya, lililotajwa juu, linastahili nafasi zaidi kwa sababu ndilo lenye madhara. Pikipiki ina mifuko mingi kuliko koti la dalali: kuna mapezi ya kupozea injini, kuna uwazi ulio chini ya tangi, kuna kifuniko cha cheni, na kuna tundu la plagi ambalo limewekwa na waundaji mahali hasa ambapo washa iliyochoka kusafiri ingependa kuingia. Zaidi ya hayo yote kuna gurudumu zito linaloitwa flaiwili, ambalo ndani yake mmefungwa sumaku za kudumu ili linapozunguka pawe na umeme wa taa na wa plagi. Kifuniko cha upande huo kikifunguliwa, skrubu iliyodondoka karibu haihitaji hata kufika ardhini, kwa kuwa huvutwa njiani na kukaa kimya mgongoni mwa flaiwili, huku watu wanne wakipekua mchanga kwa sumaku ndogo kuliko ile iliyokwisha kuiiba. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na pikipiki, lakini walikuwa wamekaribia.

Kinachoogopwa kuliko vyote ni klipu ya pini ya pistoni. Pistoni ni kile kigao cha metali nyepesi kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, nayo imeunganishwa na mkono wa injini kwa pini, na pini huzuiwa kila upande na kijiwaya kilichopindwa nusu duara na zaidi, ambacho huingizwa kwenye mfereji wake kikiwa kimebanwa na ambacho hakijawahi kukubali kubanwa kwa hiari. Kinapochomoka huwa na njia mbili: kwenda hewani, ambako kitatafutwa hadi jioni, au kushuka kwenye mdomo ulio wazi chini ya silinda, unaoelekea tumbo la injini ambamo krenki, mhimili mkuu wa injini, huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Njia ya kwanza humgharimu fundi mchana mmoja, na ya pili humgharimu injini. Kinga yake ni kitambaa kilichosokotwa na kushindiliwa kwenye mdomo huo kabla ya kazi kuanza, kinga rahisi ambayo kila fundi huieleza kwa ufasaha akiulizwa, na ambayo hukumbukwa kwa uhakika zaidi katika wiki inayofuata ajali.

Hapa ndipo binadamu wengine wanapoingia, na kwa maoni ya insha hii wao ndio chanzo kikuu cha upotevu. Gereji haikosi watu: mteja mwenyewe, wenzake wa stendi waliomsindikiza, mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa kushika tochi na kutumwa soda, mwenye pikipiki nyingine anayengoja zamu, na mtu mmoja ambaye hakuna anayejua alikuja kwa ajili gani. Nati inapodondoka wote hawa huinuka kwa nia njema, na kila mmoja hutoa maelekezo kwa lugha iliyo karibu na ulimi wake, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala au Kiswahili, kiasi kwamba nati husemekana kuwa imeonekana pande tano kwa wakati mmoja. Methali isemayo penye wengi hapaharibiki neno haikutungwa kwa ajili ya udongo laini, kwa kuwa miguu kumi na miwili ikipita juu ya nati moja huizamisha, huisogeza, au huiokota kwenye nyufa za soli na kuondoka nayo. Ile nyingine, isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni ya kweli pia, ila haikusema nini kitokee wainamapo watu sita mvunguni mwa pikipiki moja iliyosimama kwa standi ya upande.

Sayansi ya utafutaji ina msimamo juu ya jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtaalamu wa hisabati Bernard Koopman, akifanya kazi na jeshi la majini la Marekani, alijenga nadharia ya kutafuta ambayo kiini chake ni kwamba eneo ligawanywe vipande, kila kipande kipewe uzito kulingana na uwezekano wa kitu kuwamo, na nguvu zielekezwe kwanza penye uzito mkubwa, si palipo rahisi kufika wala penye kivuli. Jaribio kubwa la fikra za namna hiyo lilikuja tarehe 17 Januari 1966, pale ndege ya kivita ya Marekani ilipogongana na ndege ya kuijaza mafuta juu ya kijiji cha Palomares, Hispania, na mabomu manne ya haidrojeni yakadondoka. Matatu yalipatikana nchi kavu upesi. La nne liliingia baharini, likatafutwa kwa meli, kwa wapiga mbizi na kwa nyambizi ndogo, hadi likainuliwa tarehe 7 Aprili, baada ya siku 80. Na hali tangu mwanzo alikuwapo mvuvi mmoja, Francisco Simó Orts, aliyekuwa kwenye mashua yake, aliyeliona likishuka kwa mwavuli na aliyesema limezama wapi, ila ilichukua muda kabla maneno yake hayajapewa uzito uliostahili.

Kila gereji ya Arua ina mvuvi wake. Mara nyingi ni mama anayeuza chapati au chai ng'ambo ya njia, ambaye ameketi mahali pamoja tangu alfajiri, anatazama upande wa gereji kwa kukosa pengine pa kutazama, na hana spana mkononi inayomchanganya. Yeye huwa ameiona nati ikigonga standi, ikaruka, ikapita chini ya benchi, ikasimama kwenye mzizi wa mwembe. Lakini kwa kuwa si fundi haulizwi, na kwa kuwa ana adabu hajiingizi katika mambo ya watu, hadi saa moja ipite na ungo wake uazimwe kwa ajili ya kuchekechea mchanga. Hapo ndipo husema, tena kwa kifupi, na sababu yake ni kuunusuru ungo.

Kuchekecha kwa ungo ni mojawapo ya mbinu zinazokubalika, sawa na kufagia eneo lote hadi liwe chungu kimoja kisha kulipitishia sumaku. Mbinu bora kuliko hizo, na isiyopendwa kwa sababu haina kelele, ni kulaza tochi chini kabisa, mwanga ukipita sambamba na ardhi, ili kila kitu kilichoinuka hata kwa milimita mbili kitoe kivuli kirefu. Kwa njia hiyo tochi ya simu hufanya kazi usiku ambayo jua la mchana, linalomulika kutoka juu, halikuweza kuifanya. Ipo pia mbinu ya kudondosha nati ya pili inayofanana na ya kwanza, kutoka kimo kile kile, ili ionekane itaelekea wapi. Kimantiki mbinu hii haina dosari kubwa. Kiutendaji imeacha mafundi wengi wakitafuta nati mbili.

Si vipuri vyote vinavyongoja gereji. Barabara inayotoka mpaka wa Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi mpaka wa Oraba, ina urefu wa kilomita 92 na sasa ni ya lami, lakini njia zinazochepuka kutoka kwayo ni za moramu yenye mawimbi, na mtikiso wake hufungua kilichofungwa. Mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinacholegeza nati zaidi ni msogeo wa upande kwa upande kati ya vipande vilivyofungwa pamoja, jambo ambalo injini ya silinda moja na magunia mawili ya mihogo hulifanya bila kuchoka. Klipu ya kiungo cha cheni ni mfano mzuri: kibati hiki kidogo kuliko ukucha kina upande uliozibwa na upande ulio wazi, na sharti upande uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda, kikiwekwa kinyume husukumwa kikatoka, na abiria huarifiwa na mlio wa cheni ikianguka lami. Dereva basi hurudi nyuma kwa miguu, akiwa ameinamisha kichwa, akiwaamkia watu bila kuwatazama. Utaratibu wa utafutaji wa namna hii hutegemea nchi, kwa kuwa Uganda huendesha upande wa kushoto ilhali Sudani Kusini na Kongo huendesha upande wa kulia, hivyo aliyevuka Oraba na kuingia Kaya, upande wa Sudani Kusini, anapaswa kubadili ukingo anaoupekua.

Anayedhani safari hiyo ya kurudi nyuma ni ya kukatisha tamaa azingatie yaliyotokea Australia mwezi Januari 2023, ambapo kidonge cha mionzi chenye upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 8 kilipotea mahali fulani kwenye safari ya kilomita 1,400 kutoka mgodini hadi Perth. Sababu iliyotolewa ingeeleweka katika gereji yoyote ya Koboko bila mkalimani: bolti ililegea kwa mtikiso, ikatoka, na kidonge kikapita kwenye tundu la bolti. Kilipatikana tarehe 1 Februari, mita mbili tu kutoka ukingo wa barabara, na gari lenye vipima mionzi lililokuwa likienda kilomita 70 kwa saa. Klipu ya cheni, kwa bahati mbaya, haitoi mionzi.

Mwisho wa utafutaji usiofanikiwa ni dukani, na dukani nako kuna mitego. Nati iitwayo namba kumi hupata jina hilo kutokana na spana ya milimita 10 inayoishika, si kutokana na unene wa bolti yake, ambao ni milimita 6. Kwa hiyo anayetumwa nati namba kumi akamwonyesha muuzaji kidole cha shahada kuwa ndicho kipimo, hurudi na kitu kingine kabisa. Bolti yenye unene wa milimita 10 nayo huwa na meno ya aina mbili zinazoenea, yaliyoachana kwa milimita 1.25 na yaliyoachana kwa milimita 1.5, ambayo kwa macho hayana tofauti na ambayo nati moja haiwezi kuyatumikia yote. Ikilazimishwa kwa spana ndefu huingia mizunguko miwili, meno hulika, na nati hiyo haitapotea tena kamwe kwa kuwa haitatoka.

Kuna pia jambo ambalo vitabu vya ufundi haviligusi, nalo ni vipuri vinavyobaki baada ya pikipiki kufungwa yote na kuwaka. Kwa kawaida ni bolti moja fupi na washa mbili, ambazo fundi huziweka kwenye kopo kwa utulivu akieleza kuwa zilizidi tangu kiwandani, na mteja, ambaye amekwisha chelewa, hukubali kwamba kiwanda cha India kina ukarimu wa aina hiyo. Kopo hilo likijaa huwa hazina ya kutatulia kesi za wengine, na kwa sababu hiyo ni vigumu kusema kwa haki kama upotevu huu ni hasara kwa mji au ni mzunguko wa mali tu, nati ya mmoja ikihamia kwa mwingine kwa njia ya mchanga.

Lakini mteja wa leo hana faida na mzunguko huo, naye ndiye anayeombwa hapa. Nati ikidondoka, asiinuke, asisaidie, wala asinyooshe mguu. Amwache fundi asikilize, amuulize muuza chapati, kisha avue viatu vyake na kuzitazama soli kabla hajapanda pikipiki ya mwingine kurudi nyumbani.